Udongo wa Nyuma ya Jiko

Mgomba wa kwanza ulipoanguka hakuna aliyejali. Mvua za Rungwe huangusha migomba kila mwaka. Unakata mkungu, shina unawapa ng'ombe, basi. Lakini safari hii iliendelea kuanguka hata siku zisizo na upepo. Ililala na mizizi nje, mifupi, isiyoshika hata konzi ya udongo. Kufikia Pasaka upande wote wa nyuma ya jiko la Atupokile ulikuwa chini, na baba mkwe wake, Mzee Alinanuswe, alikuwa ameshampata mwenye kosa.

"Ni milingoti ya Enosi," alisema, akimaanisha mikaratusi ya jirani yao mpakani. "Inakunywa maji, inakula udongo, sisi inatuachia kokoto. Ng'ombe, waambie wenye nyumba wasihangaike. Nitalimaliza mwenyewe."

Alikuwa amesimama njiani kando ya banda, uso ameugeuzia mtamba aliyekuwa akitafuna. Atupokile alikuwa jikoni, karibu kabisa, na kila neno lilikuwa lake. Ndivyo walivyoongea tangu alipoolewa. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mwanamke na baba wa mumewe hawaonani uso kwa uso. Hawapeani mkono, hawakai chumba kimoja, hawapishani njiani bila mmoja kuingia majanini. Siku hizi wengi wameacha. Pale Tukuyu mjini utamkuta mzee na mkwe wake kwenye bodaboda moja na hakuna anayegeuka kuwatazama. Mzee Alinanuswe hakuacha. Alikuwa mzee wa kanisa na Biblia aliimaliza zaidi ya mara moja, lakini akifika kwenye kona ya migomba alikohoa. Kikohozi kirefu, cha makusudi, halafu anasubiri. Atupokile akisikia anaingia ndani. Ndipo mzee anapita. Akiwa na neno kwa mkwe wake na mwanawe Jackson hayupo, anamwambia ng'ombe.

Mwaka wa kwanza wa ndoa Atupokile alicheka mpaka akajificha uso kwenye khanga. Baadaye akazoea. Baadaye tena akaona faida yake: nyuma ya jiko palikuwa pake. Mzee hakukanyaga huko kabisa. Hata kuku wake akipotelea upande ule, aliishia kwenye kona na kumwita kwa mbali kama mtu asiye na haki ya kumdai.

Faida hiyo ndiyo iliyomponza.

Atupokile alikuwa na stashahada ya kilimo. Kazi ya serikali hakuipata na hakukaa kuililia. Alianzisha kitalu cha miche ya parachichi nyuma ya jiko, na kila Alhamisi alifundisha kikundi cha wakulima wa Lufingo chini ya bati la ghala. Watu walimwita Mama Sekela, kwa jina la binti yake, na wakitaka kumtania walimwita Bibi Shamba. Miche yake ilisifiwa. Kila mtu Rungwe alitaka parachichi, na waliotoka mbali walisema miche ya Mama Sekela haifi.

Haikufa kwa sababu ya udongo. Mche wa parachichi unakaa miezi mingi ndani ya kiriba, ule mfuko mweusi wa nailoni, na unakula kile ulichowekewa tu. Udongo wa msituni mlima Rungwe hauruhusiwi kuchotwa. Wa bondeni unashikamana kama ugali uliolala. Wa mashamba ya viazi umechoka, umepauka, kila msimu unapinduliwa na hakuna kinachorudishwa. Lakini nyuma ya jiko, pale mama yake Mzee Alinanuswe alipofunga ng'ombe enzi zake, palikuwa na udongo mweusi kama masizi, laini, ukiufumbata unabaki na alama za vidole. Vizazi vya wanawake vilimwaga pale majivu, samadi, maganda na majani ya migomba.

Alianza na ndoo. Akaendelea na toroli. Magari yalikuja kutoka Masukulu, Busokelo, hata Mbozi, na kila mche uliopakiwa uliondoka na udongo wake. Alipochimba alipafunika kwa majani makavu ya migomba, akapanga vizuri, pakaonekana kama shamba la mtu anayejua kutunza.

Na alijua. Asingejua angeitwa mjinga, na mjinga huonewa huruma. Yeye ndiye aliyewaambia akina mama kila Alhamisi kwamba weusi ule ni majani na samadi iliyooza miaka na miaka, ndani yake imekaa kaboni, na naitrojeni imekaa pamoja nayo. Aliwaambia shamba la migomba lenye majani yake chini linaweka akiba hiyo, na shamba la viazi linalolimwa mpaka chini kila msimu linaipoteza hewani. Aliwaambia ikiisha, mbolea ya dukani inamwagwa kama maji kwenye chujio. Hakuwahi kuwaambia kinachotokea mtu akiuondoa udongo wenyewe. Nani angeuliza swali kama hilo? Hakuna mtu mwenye akili anayefanya hivyo.

Jioni Jackson alirudi kutoka kiwanda cha chai, nguo zinanuka majani mabichi, akakaa kwenye kigoda.

"Baba amekwenda kwa Meshaki," alisema. Meshaki alikuwa mwenyekiti wa kitongoji. "Anataka Enosi akate milingoti yote ya mpakani. Jumamosi wanakuja kuangalia."

"Ile yote?"

"Yote. Na anataka wewe useme."

Atupokile aliacha kumenya ndizi. "Mimi niseme nini?"

"Useme inaharibu. Amemwambia Meshaki, 'Mkwe wangu amesomea udongo, mimi sina haja ya kubishana na mtu.' Kasema mbele za watu! Baba yule anajivunia wewe, hujui tu. Mimi mwanawe sijawahi kusifiwa hata kwa kuendesha baiskeli."

"Mimi siwezi kusema mbele yake."

"Utamwambia Meshaki, Meshaki atamwambia baba. Kuna ugumu gani?"

"Jackson, milingoti haiangushi migomba hivi."

"Inaangushwa na nini, basi?"

Lilikuwa swali fupi, na jibu lake lilikuwa limefunikwa kwa majani pale pale nje ya mlango. Atupokile alichukua ndizi nyingine.

"Labda fukusi, wale wadudu wa mashina."

"Basi waambie fukusi. Ila baba hatakubali. Anasema fukusi aliwamaliza yeye kwa majivu kabla wewe hujazaliwa." Jackson akacheka, akaomba maji ya kuoga.

Kesho yake Enosi mwenyewe alikuja. Nyumba yake iliporomoka ukuta msimu uliopita, na tangu hapo yeye na binti yake Prisca walilala kwenye jiko la kaka yake. Milingoti ile ndiyo mbao za nyumba mpya. Kuikata sasa, ikiwa bado myembamba, ilikuwa sawa na kukata kuni. Alisimama karibu na kitalu, kofia mkononi, akajaribu mzaha kwanza.

"Bibi Shamba, nasikia nimefunguliwa mashtaka na migomba."

"Ndivyo nilivyosikia na mimi, Baba Prisca."

"Sasa nikuulize wewe uliyesoma. Milingoti yangu ni mibaya kweli?"

"Inakunywa maji mengi."

"Hilo najua. Inaangusha migomba?"

Angeweza kusema hapana. Neno moja. Lakini hapana hiyo ingezaa swali la Jackson, na swali la Jackson lingemfikisha mahali ambapo hakutaka kufika. "Tutaona Jumamosi," alisema.

Enosi aliivaa kofia yake. "Sawa. Mimi nakutegemea. Mzee ana upande wake, mimi nina wangu. Wewe huna upande."

Alipoondoka, Atupokile alichukua ufagio wa chelewa na kuanza kusawazisha yale majani makavu, ambayo hayakuwa na haja ya kusawazishwa. Uso ulikuwa unamwaka. Alifagia mpaka akajiona anavyofagia, akautupa ufagio.

Jumamosi ilikuja na manyunyu. Meshaki hakuja peke yake. Alimleta msichana anayeitwa Tulia, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa akizunguka wilayani akichimba vishimo: pembeni ya msitu, kwenye chai, kwenye viazi, kwenye migomba. Alitaka kujua kila aina ya shamba imetunza kaboni na naitrojeni kiasi gani. Meshaki aliona amepata hakimu wa bure.

"Huyu hana ndugu hapa," alisema. "Atachimba kwa Enosi, atachimba hapa, tutaona nani ameliwa na nani."

"Shikamoo, mama," Tulia alimwambia Atupokile. "Nimesikia sifa zako mpaka Masukulu. Wanasema wewe ndiye mwalimu wa udongo huku."

"Marahaba," alisema Atupokile.

Walianza kwa Enosi. Jembe lilizama bila kelele. Tulia alikata ukuta wa shimo kwa panga, ukaonekana mweusi kutoka juu mpaka kwenye goti lake.

"Hapa palikuwa na nini zamani?" aliuliza.

"Malisho," alisema Enosi. "Na migomba kidogo."

"Inaonekana. Milingoti hii bado michanga. Ikikaa miaka mingi na majani yake yakawa yanazolewa, tutaongea mengine. Kwa sasa haijakula kitu."

Enosi alitazama juu kama aliyesikia jina lake redioni. Meshaki akakuna shingo. Wakarudi kwenye migomba.

"Tuchimbe mbele," Atupokile alisema haraka. "Kule karibu na makaburi ya wazee. Huko ndiko shamba lenyewe."

"Migomba imeanguka nyuma, mama," alisema Meshaki. "Mgonjwa anaumwa tumbo, wewe unataka tumpime masikio."

Kutoka njiani, nyuma ya migomba, ikasikika sauti. "Nyuma! Wachimbe nyuma! Mimi nitakaa hapa hapa." Mzee Alinanuswe alikuwa ameketi juu ya jiwe kwenye kona, amewapa mgongo. Hata siku ya kesi yake mwenyewe hakutaka kuingia upande wa mkwe.

Waliondoa majani makavu. Jembe likalia krrr. Meshaki akajaribu pembeni, likalia vile vile. Chini ya majani hapakuwa na udongo wa kutajwa. Palikuwa na kokoto nyepesi za rangi ya manjano, zile ambazo mwenyeji wa Rungwe huziona akichimba choo. Tulia aliokota moja akaitupia kwenye ndoo ya maji. Ikaelea.

"Loo!" alisema Enosi. "Jiwe linaogelea."

"Ni la volkano," alisema Tulia. "Lakini hili lilitakiwa kuwa chini sana. Hapa tabaka la juu halipo."

"Limekwenda wapi?" aliuliza Meshaki.

"Sijui bado. Kwenye mteremko mara nyingi ni maji."

"Maji ya nani?" Mzee alidakia kutoka kwenye jiwe lake. "Si mtaro wa Enosi? Si nilisema? Kama si miti ni mtaro!"

"Mzee, mtaro wangu unaelekea mtoni!"

"Gwe Enosi, nyamaza! Mvua ikinyesha naiona inakopita!"

"Unaionea wapi na huku hujawahi kufika?"

"Basi, basi." Meshaki aliinua mkono. Viatu vilikuwa vimejaa matope na alikuwa na safari ya Tukuyu. "Tufanye hivi. Enosi afukie mtaro na akate mstari wa mpakani, maji tutakuwa tumeyazuia, miti tutakuwa tumeiondoa, yaishe. Mama Sekela, wewe ndiye mtaalamu. Maji au si maji? Sema tuondoke."

Wote walimtazama. Enosi alimtazama kwa namna ya mtu aliyekwishapumzika, anayejua haki yake imefika kwenye mikono mizuri. Atupokile alihitaji kusema neno moja tu, na lingeaminika. Tulia angelikubali, maana mvua inazoa udongo kweli kila mahali. Mzee angefurahi. Nyuma ya Tulia, chini ya kivuli cha kitalu, viriba vilikuwa vimepangwa safu kwa safu, vimejaa udongo mweusi unaong'aa kwa manyunyu. Hakuna aliyevitazama. Tulia alikuwa ametundika koti lake kwenye nguzo ya kitalu.

Atupokile alikwenda akachukua kiriba kimoja. Alikichana kwa kisu cha kuunganishia miche, akautoa mche, akaumwaga udongo ndani ya shimo, juu ya zile kokoto. Ulianguka mweusi juu ya manjano na ukabaki hivyo.

"Si maji," alisema. "Udongo wenyewe ni huu."

Meshaki hakuelewa. "Huu wa wapi?"

"Wa hapa. Nimeuchimba mimi. Nimejaza viriba, nimeuza. Majani niliyaweka juu ili pasionekane."

Tulia alielewa kwanza. Akaangalia viriba, akaangalia shimo, akainama kufuta panga lake kwa majani ingawa lilikuwa limeshafutwa. Enosi aliivua kofia yake.

"Mwenyekiti," alisema Atupokile, "mwambie baba."

Meshaki alitazama kwenye kona, akatazama viatu vyake. "Mama, maneno hayo mimi siyabebi."

"Mimi siwezi kumwambia. Unajua."

"Najua. Na mimi siyabebi. Yule mzee ndiye msimamizi wa ubatizo wa mtoto wangu wa kwanza."

Mzee alikuwa bado kwenye jiwe, mgongo kawapa. Huenda alisikia nusu, huenda hakusikia kitu. Jackson alikuwa kiwandani. Atupokile alijitanda khanga kichwani mpaka machoni, akatembea hadi kwenye banda, akasimama mbele ya mtamba. Kwa miaka yote ile mzee ndiye aliyemtumia ng'ombe. Yeye hakuwahi kujibu.

"Ng'ombe," alisema. Mtamba akanyoosha ulimi kutafuta chumvi mkononi mwake. "Ng'ombe, mwambie baba si milingoti. Si mtaro. Ni mimi. Nimeuchota udongo wa nyuma nikauuza na miche. Mwambie nilijua ninachofanya. Nimesomea."

Mvua ilikuwa inagonga bati la banda, taratibu. Kati ya majani aliona kofia ya mzee na bega moja. Hakutakiwa kuangalia, akaangalia. Bega halikusogea.

"Muulize," mzee alisema, "wote?"

"Wa huku nyuma, karibu wote."

"Umekwenda wapi?"

"Busokelo. Mbozi. Mwingine sijui."

"Muulize kama unaweza kurudi."

"Hauwezi, baba."

Neno lile lilimtoka moja kwa moja, halikupitia kwa ng'ombe. Hakuna aliyelirudisha. Mzee alishika fimbo yake akainuka, mgongo bado kawapa.

"Ng'ombe," alisema, na sauti yake haikuwa ya hasira, "mwambie upande ule nilimwachia yeye." Kisha, kwa sauti nyingine, "Enosi."

"Naam, mzee."

"Miti yako ni yako."

Akaondoka kwa njia ya chini.

Meshaki aliaga bila kumpa mtu mkono. Enosi alibaki kidogo, akizungusha kofia.

"Mimi nilidhani huna upande, Mama Sekela."

"Nisamehe, Baba Prisca."

"Mimi bado nina miti yangu. Kamwombe mwenye udongo." Alipofika mpakani akageuka. Mzaha ulimrudia, lakini haukuwa mtamu. "Nikipungukiwa na shamba langu usiku, nitajua pa kuja kulitafuta!"

Tulia alikuwa ameshika kifuko cha nailoni na kalamu. "Mama, samahani. Naomba nichukue sampuli hapa. Najua si wakati mzuri, lakini sina shamba lingine la namna hii."

"Chukua."

Atupokile alimshikia kifuko, binti akatia udongo wenye kokoto kutoka kwenye ukuta wa shimo, juu, katikati, chini. Halafu akasita na kalamu. "Matumizi ya ardhi niandike nini? Migomba? Kitalu?"

"Andika limechimbwa."

Tulia aliandika. Hakujua atazame wapi, akachukua koti lake.

Jackson alipata habari akiwa bado barabarani, na alipoingia hakukaa. "Udongo, Atupokile? Si ungesema tu?"

"Ningesema ungenikataza."

"Nisingekukataza. Mimi nilikuwa nakuona na toroli. Nilidhani udongo hauishi." Alisema hivyo kwa unyonge kabisa, na Atupokile akatamani angegonga meza.

Alhamisi Atupokile hakusingizia kuumwa kichwa wala safari. Alikwenda chini ya bati la ghala akakuta akina mama wamejaa kuliko siku zote, hata wasio wa kikundi. Aliwaambia kinachotokea udongo ukiondolewa. Alieleza vizuri, kwa mifano, na mfano ulikuwa mmoja. Kwamba mizizi ya mgomba inakaa juu juu na inahitaji cha kushika. Kwamba akiba ile haikuwekwa na mtu mmoja. Kwamba kokoto za manjano hazishiki maji wala samadi mpaka zifunikwe tena, na kufunikwa huko si kazi ya msimu.

"Kwa hiyo parachichi langu," alisema Winfrida, ambaye mdomo wake haukuwa na kufuli, "limekaa kwenye samadi ya bibi yake mumeo?"

"Ndiyo."

"Ndiyo maana linastawi hivyo! Nilirudishe?"

Watu wakacheka. Atupokile alisubiri kicheko kiishe. Hakikuwa kibaya sana, na ndicho kilichomuuma, maana walicheka kama wanaomsaidia.

"Usilirudishe," alisema. "Litunze. Liwekee majani."

Nyumbani alikifunga kitalu. Viriba vyote visivyouzwa alivichana kimoja kimoja akarudisha udongo chini. Kwa macho ya kitaalamu ilikuwa kazi ya kuchekesha. Ulitosha kufunika eneo la kitanda na mkeka. Alipanda maharage kwenye sehemu iliyobaki, akatandaza majani, akapanda machipukizi ya migomba katika mashimo aliyojaza samadi. Alihesabu kichwani alivyofundishwa chuoni na hakupenda jibu. Sekela huenda ataukuta mweusi kidogo, akiwa na wajukuu.

Hayo aliyaweza. Asichokiweza ni ukimya. Mzee Alinanuswe hakupita tena kwenye kona. Kutoka nyumba yake ya mbele alizunguka kwa chini, kupitia kwa Enosi, njia ndefu yenye utelezi, ili asifike karibu na jiko. Hakukohoa. Hakumwambia ng'ombe neno. Asubuhi Atupokile alijikuta anasimama na sufuria mkononi akisikiliza, kisha anajikemea kwa kusimama. Kanisani Atupokile alikaa benchi la nyuma. Jackson alijaribu kupeleka salamu zake akarudi nazo.

"Amesema nini?"

"Amesema amesikia."

"Basi?"

"Basi."

Mvua zilipungua, baridi ya Juni ikaingia, ukungu ukawa unakaa kwenye migomba mpaka jua lipande. Asubuhi moja Atupokile alikuwa amepiga magoti nyuma ya jiko, mikono ndani ya samadi mpaka kwenye viwiko, akizungushia chipukizi majani. Ndipo akasikia kikohozi.

Kilikuwa kile kile. Kirefu, cha makusudi. Kisha kimya cha mtu anayesubiri.

Alisimama haraka hata akakanyaga chipukizi. Hakunawa. Aliingia jikoni akavuta mlango. Akasikia hatua, polepole, na fimbo. Zilifika kwenye kona zikaishia hapo. Kitu kizito kikawekwa chini. Alisubiri mzee aseme na ng'ombe. Atukane, alaani, aulize tena alichokwisha kuuliza, chochote. Hakusema. Hatua zikarudi zilikotoka.

Alipotoka alikuta kapu kubwa kwenye kona, pale hasa upande wa mzee unapokoma. Lilikuwa limejaa samadi ya ng'ombe wake wa mbele, bado inatoa mvuke kwenye baridi, na juu yake limefunikwa kwa majani ya mgomba yaliyokatwa vizuri. Mzee wa umri ule alilibeba mwenyewe kutoka kule mbele. Asingeshindwa kuingia hatua chache akalimwaga shimoni. Hakuingia.

Atupokile alilibeba mpaka nyuma, akalimwaga, akalirudisha kapu tupu kwenye kona. Machozi yalimjia akayafuta kwa bega kwa sababu mikono ilikuwa michafu. Angetukanwa ingekuwa nafuu. Tusi lina mwisho wake. Heshima ile ile, baada ya yote, alikuwa hajui aiweke wapi.

Kesho yake asubuhi kikohozi kilisikika tena kwenye kona. Akakimbia kama bibi harusi aliyeletwa jana, akaingia ndani, akasimama nyuma ya mlango na mikono yake yenye samadi, akasubiri apite.